Mwari wa Ramadhani

Majirani wa Msambweni walimcheka Ramadhani tangu siku alipoliingiza lile tangi la kioo sebuleni. Kazi yake ilikuwa kuzamia huko Shimoni, akiwakamata samaki wa mapambo wanaouzwa Ulaya. Tangi lenyewe lilitupwa na tajiri wake kwa sababu lilikuwa na ufa. Aliliziba, akalijaza maji ya bahari, akapanga mawe, akatia samaki watatu.

"Wenzio huleta samaki wa kutiwa nazi," jirani yao Mbodze alimwambia, "wewe waleta wa kutazamwa!"

"Na huyu wa chini ya jiwe hata kutazamwa hataki," akadakia Ummi, mkewe.

Kweli hakutaka. Alikuwa samaki mdogo mweusi mwenye vitone vyeupe, mwenyeji wa mapango ya miamba, na kutwa alijificha chini ya jiwe kubwa. Akishtuliwa, alitumbukiza kichwa ndani akaacha mkia nje, na karibu na mkia alikuwa na doa kama jicho, ili adui adhani anatazamwa. Ramadhani alimwita Mwari, kwa kuwa alikaa ndani kama mwari. Kila asubuhi alimwekea kijipande cha nyama ya kamba mlangoni pa pango, kisha akajitenga na kikombe chake cha chai, akangoja. Hawakujaaliwa mtoto. Ummi alipomsikia mumewe akimbembeleza samaki atoke, alijua anachobembeleza.

Mvua za El Nino ziliacha homa nyumba hadi nyumba. Ramadhani naye akaugua, na kabla ya wiki kwisha wakamzika.

Nyumba ikajaa wanawake. Mbodze, aliyejituma kuliko wote, aligeuza kioo cha kujitazamia kikatazama ukuta, akazima redio, kisha akaichomoa na pampu ya hewa kando ya tangi. Nyumba ya msiba haingurumi. Ummi, aliyekalishwa chumbani, alisikia ngurumo ile ikikatika, akajua maana yake. Akafungua kinywa, akakifumba. Watu wangesemaje? Udongo wa mume haujakauka, mjane awaza samaki!

Matanga yalipoanuliwa ndipo alipoingia sebuleni na kuichomeka pampu kwa mkono wake. Samaki wengine wawili walikuwa wakielea. Mwari hakuonekana, hata mkia.

"Mbodze, mbona hukuniuliza?"

"Nikuulize nini, shoga? Kidude chapiga kelele na watu wasoma hitima!" Kisha akauona uso wa mwenzake. "Ala! Kumbe ndicho kinachowapa pumzi?"

"Si kosa lako," alisema Ummi. "Nilisikia."

Akaweka kijipande cha kamba mlangoni pa pango. Kesho yake hakikuwapo, na moyo ukamrudi. Eda nzima aliishika desturi hiyo, akiketi kwenye kiti cha Ramadhani na chai mkononi. Mwari hakutoka, lakini chakula kililiwa.

"Kaa tu, mwanangu," alimwambia. "Hata mimi sitoki."

Boga, aliyekuwa akizamia na marehemu, alimletea madumu ya maji ya bahari akayatua barazani.

"Shemeji, huko chini miamba imekuwa myeupe kama chokaa," alisema kupitia dirisha. "Samaki kama huyo simwoni tena. Mtunze huyo huyo."

"Namtunza, shemeji. Anakula."

Eda ilipokwisha, Mbodze alikuja kumfukiza udi na kumvalisha leso mpya. Ummi akataka kwanza alisafishe tangi. Akaliinua lile jiwe polepole, asimtie hofu.

Chini yake palikuwa na kaa mdogo aliyevaa gamba la konokono, amenenepa, akikumbatia kipande cha kamba cha jana. Mchangani ilibaki miiba michache, myembamba kama uzi wa kushonea.

Ummi akaketi sakafuni, akalia jinsi ambavyo hakulia hata siku ya maziko. Mbodze akamkumbatia, akidhani anayeliliwa ni Ramadhani, na Ummi hakumsahihisha.

"Basi, shoga, basi. Tukizime hiki kidude, kimekwisha kazi," alisema Mbodze, akinyoosha mkono.

"Kiache," alisema Ummi. "Kiache kingurume."