Wacha Zikauke Kwanza

Mkaratusi uliopasuliwa sasa hivi hunuka dawa ya kifua. Ni harufu ya yale mafuta tuliyopakwa utotoni tukiwa na mafua, na kwa miaka mingi nilidhani ndiyo sababu hunitoa machozi. Mwaka jana niliisikia tena kule milimani Mbooni, uani kwa marehemu baba yangu mdogo, Kimeu, wiki moja kabla hatujamzika. Kamati ya mazishi ilikuwa imegawa kazi. Binamu zangu walipewa mahema, jeneza na fulana zenye picha ya marehemu. Mimi, mwenye digrii mbili na miwani mizito, nilipewa kuni.

Msinicheke, sababu ilikuwapo. Ninaishi Kitui mjini, na huko namfahamu fundi Muthama, mwenye mashine ya kupasua kuni ambayo shule za bweni huikodi. Basi niliifuata mashine hiyo hadi Mbooni, ikivutwa nyuma ya pikapu yake, watoto wa njiani wakiipungia mkono kana kwamba ni mbunge. Tulipofika, vijana walikuwa wameshaangusha mikaratusi miwili katika shamba la chini, lile linalopakana na kijito, na kuikata magogo. Mama yangu, ambaye mimi humwita Mwaitu kama Wakamba wengi wanavyowaita mama zao, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akichambua maharagwe. Alilitazama shamba lile kidogo, kisha akarudisha macho kwenye ungo.

Shamba lile lilikuwa lake. Ngoja niwaeleze lilivyomtoka.

Mwaitu alizaliwa upande wa Makindu, kule chini kwenye joto, ambako kuni ni matawi ya migunga yaliyojifia yenyewe. Unayaokota, unayavunja kwa goti, unayafunga, unayabeba. Kwake kuni ilikuwa kitu kikavu, na kilichokuwa kibichi kilikuwa bado mti. Alipoolewa alipanda milimani kwenye ukungu na baridi, ambako kuni ni gogo la mkaratusi nene kama pipa. Baba alifanya kazi bandarini Mombasa na kuja nyumbani Krismasi. Mwaka ninaousimulia, aliangusha mikaratusi nyuma ya nyumba, akaikata magogo kwa msumeno, akasema, "Hizi zitawatosha mwaka mzima," kisha akapanda basi. Hakupasua hata gogo moja. Kazi hiyo alimwachia mdogo wake.

Niruhusuni nimweleze Kimeu kama nilivyomwona nikiwa na miaka minane, kwa sababu huyo ndiye Kimeu pekee niliyewahi kumpenda. Alikuwa mrefu, mwenye pengo la meno na sauti nzito iliyobeba kwaya nzima ya kanisa letu. Alipokuja kutupasulia kuni alivua shati na kulitundika kwenye mparachichi. Kabla ya kuanza alijaribu makali ya shoka kwa kunyoa malaika ya mkono wake mwenyewe, nasi watoto tukapiga makofi. Kisha akaanza. Kila pigo lilikuwa na mguno wake, gogo likalia kama mlango mkubwa, na baada ya mapigo mengi likakubali. Vipande alivipanga ukutani kwa unadhifu, ncha zote zikitazama upande mmoja.

Shuleni tulipoambiwa tuandike insha kuhusu mtu tunayemheshimu, wenzangu waliandika juu ya rais na mchungaji. Mimi niliandika juu ya baba mdogo na shoka. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza kupata wasomaji, na haikuwa na sentensi hata moja ya kweli.

Siku chache baada ya Baba kuondoka, magogo yakiwa bado yanatoa maji, Mwaitu alichukua shoka ajaribu mwenyewe. Kimeu alimkuta amelinyanyua. Akampokonya kwa upole, akicheka.

"Shemeji, unataka kujikata mguu bure? Hizi ni mbichi. Wacha zikauke kwanza."

"Zikikauka nitaweza?"

"Zikikauka hata Mwikali ataweza."

Mwikali ni mimi. Nilivimba kichwa siku nzima.

Mwaitu alimwamini kwa sababu maneno yale yalilingana na yote aliyoyajua tangu akiwa msichana. Kuni ni kitu kikavu. Akangoja. Magogo yakabadilika rangi, yakapata nyufa nyembamba usoni, na yakageuka mawe. Siku alipojaribu, pigo la kwanza shoka liliruka, likampita karibu na goti. Pigo la pili likazama kiasi cha ukucha, likakwama, tukalivuta mimi na yeye kama watu wanaomtoa ng'ombe matopeni. Ikabidi nitumwe kumwita baba mdogo.

Alikuja, akapasua kuni za wiki moja. Hakuzidisha. Alipomaliza alilifuta shoka, akaliinua kwenye mwanga, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Hili limekufa makali. Nalipeleka nyumbani nikalinoe."

Akaondoka nalo begani, na tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi. Shoka lilikuwa letu, Baba ndiye aliyelinunua, lakini lililala kwa Kimeu. Huko lilipata kinoo, tupa, na mafuta ya kuzuia kutu. Mpini ukilegea, alilitumbukiza kichwa chini ndani ya ndoo ya maji ili mti uvimbe ukaze. Mimi ndiye niliyetumwa kulifuata, na mimi ndiye niliyerudi na majibu.

"Mwambie mama yako nitakuja."

"Lini, baba mdogo?"

"Nikimaliza kunoa."

Sijaona tena shoka lililotunzwa vizuri vile. Nilisema hivyo hata kwenye insha.

Mnapaswa kujua kwa nini Mwaitu hakuweza kuokota vijiti tu akaendelea na maisha. Alikuwa akiuza muthokoi siku za soko. Muthokoi ni mahindi yaliyokobolewa, ambayo hupikwa polepole pamoja na maharagwe mpaka yalegee, na moto wake unataka kuni nene zinazodumu. Vijiti huwaka kwa fujo vikaisha, na mahindi yakabaki kama kokoto. Maharagwe yenyewe yalitoka shamba la chini, ambalo kwa sababu ya kijito lilizaa hata mvua ilipotususia. Sabuni yetu, sare zetu, sadaka ya Jumapili, vyote vilitoka kwenye sufuria ile.

Jirani yetu Mama Ndinda alikuwa na ulimi. Asubuhi moja alisimama kwenye ua wa michongoma akapaza sauti.

"Mama Mwikali! Hayo magogo ni ya maonyesho? Si mngeyapasua mapema?"

Mwaitu alisikia jambo moja tu: kwamba nyumba yake haina mwanamume.

"Na wewe pasua yako unyamaze!"

Hawakusalimiana hadi Pasaka, ingawa walikaa benchi moja kanisani.

Mvua za vuli zilipoanza, Kimeu hakuja. Nilitumwa, nikarudi na "nitakuja." Siku ya soko ikapita bila muthokoi, na iliyofuata ikapita vilevile. Wanunuzi wakazoea sufuria ya mtu mwingine. Mwishowe akatokea, mikono mitupu, akaketi, akapewa chai. Alikunywa taratibu akitazama bondeni.

"Shemeji, shida yako ni kuni."

"Shida yangu ni shoka. Liko wapi?"

"Liko nyumbani. Sasa lina makali kweli kweli." Akaweka kikombe chini. "Sikia. Nipe kile kipande cha chini nipande mikaratusi. Itakuwa ya hawa watoto. Utakuwa na kuni mpaka uchoke."

"Na maharagwe nitapanda wapi?"

"Hapo hapo katikati ya miti. Kwani mche unakula maharagwe?"

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha mzuri. Mwaitu hakucheka. Aliangalia mawingu, akaangalia sufuria iliyofunikwa kifudifudi, akaniangalia mimi na kaptula ya ndugu yangu mdogo iliyokuwa imebaki viraka vitupu. Kisha akasema neno moja.

"Panda."

Kesho yake Kimeu alifika alfajiri, shoka bega moja na miche bega la pili.

Kwetu, ukitaka kujua shamba ni la nani unauliza nani alipanda miti. Miche ilikua, ikanywa maji ya kijito, maharagwe yakawa membamba kama ya kuchora. Baba alipokuja Krismasi na kuelezwa, alisema, "Si ni ndugu yangu? Anawatunza." Miaka michache baadaye wapima ardhi walipopita, wazee wote waliapa kwa moyo safi kwamba mikaratusi ile ni ya Kimeu, na hawakudanganya. Mpaka ukawekwa juu ya matuta ya nyanya ya Mwaitu. Muthokoi ulikuwa umeshakufa zamani. Alianza kulima vibarua katika mashamba ya watu.

Nami niliendelea kumpenda baba mdogo hadi chuo kikuu. Huko nilifundishwa maneno marefu yanayoeleza mambo kama haya, nikayatumia katika insha nyingine. Nilidhani sasa nimeujua ujanja wake wote: alilishika shoka, akamshika mama. Nikapata alama nzuri. Hata insha hiyo ilikuwa nusu tu.

Turudi uani kwa marehemu. Muthama alikagua mafuta ya mashine, akapapasa mpira wake kuona kama kuna mahali panapovuja, akaipitishia tupa ile kabari ya chuma inayopasua gogo. Katibu wa kamati, mwalimu mstaafu anayependa kusikika, akasogea.

"Fundi, lakini hizi zimeangushwa jana. Ni mbichi kabisa."

"Ndiyo nataka hivyo, mwalimu. Mkaratusi unapasuliwa ukiwa mbichi. Ukiuacha ukauke, hiyo ni chuma. Hata mashine italia."

"Zitatoa moshi, bwana!"

"Pasua nyembamba, anika wiki moja. Na zikitoa moshi, si ni matanga? Watu watalia vizuri."

Watu wakacheka. Mashine ikanguruma, gogo likasukumwa, likafunguka kama mkate. Likaja la pili, la tatu. Harufu ikajaa ua mzima. Mimi nilikuwa namtazama Mwaitu. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya ungo.

"Fundi," akaita. "Kwa shoka je?"

"Kwa shoka pia, mama. Nyanya yangu alikuwa anapasua, na alikuwa mdogo kuliko wewe. Ni kuwahi tu."

Mwaitu akaweka ungo chini, akasimama. "Nileteeni shoka."

Walimzuia kwa maneno yote ya heshima wanayojua. Alisimama tu. Mjane wa Kimeu akaingia ndani, akatoka na shoka, na nikalitambua kabla halijafika. Mpini ulikuwa umebadilishwa, lakini kichwa kilikuwa kile kile, chenye ile alama ya pembeni ambayo nilikuwa nikiigusa nikilisubiri. Lilikuwa na mafuta. Lilikuwa na makali.

Mama yangu hakulinyanyua juu. Alilipandisha kufika begani, akaliachia. Gogo likalia kidogo. Akapiga tena palepale, na likaanguka pande mbili, jeupe, likitoa maji.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwaitu aliinama akakigusa kipande kimoja kwa kiganja.

"Ningeweza," alisema.

Mama Ndinda, ambaye sasa hutembelea mkongojo, alikuwa kando akimenya vitunguu. "Mimi nilikwambia," akasema, si kwa ukali.

"Uliniambia ukinicheka."

"Nilikuwa kijana."

"Hata mimi."

Kwa kuwa mimi ni mwandishi na nalipwa kutunga miisho, nilitamani Mwaitu alibebe shoka lile begani aende nalo kwetu. Hakulibeba. Aliliegemeza ukutani, akarudi kwenye maharagwe. Angelifanyia nini shoka, na magogo yake yalishageuka mawe miaka arobaini iliyopita? Ndipo mtoto yule wa miaka minane, aliyejificha ndani yangu na insha yake, alipoelewa kwamba baba mdogo hakuhitaji nguvu wala shoka. Alimjua mwanamke aliyetoka kwenye joto, akajua anachokijua kuhusu kuni, akamwambia neno moja ambalo angelikubali. Kunoa kulikuja baadaye, kama mapambo.

Siku ya mazishi kuni hazikuwa zimekauka vya kutosha. Moshi ulitanda hadi kwenye mahema. Mchungaji alisimama akamsifu marehemu, akasema kwamba kaka yake alipokuwa mbali, Kimeu alimtunza shemeji yake bila kuchoka, akampasulia kuni miaka nenda miaka rudi. Watu wote wakaitika, "Amina!"

Mwaitu alikuwa jikoni, kati ya masufuria, machozi yakimtiririka. Akina mama wawili walimshika mikono wakimfariji. Akafuta macho kwa ncha ya leso.

"Amina," akasema, akasukuma kuni ndani.