Mrija wa Kocha Anselimu

Nilitoka Nyamigogo alfajiri kwa sababu ya tangazo. Murusagamba kungekuwa na misa ya kumkumbuka Gaspari, mgeni wa heshima Kocha Anselimu, ambaye kesho yake angeondoka na Leonsi, mdogo wa marehemu, akamchezeshe raga. Heshima gani? Anselimu ndiye aliyemuua Gaspari. Nimelitaja jina, na nitalitaja tena.

Biharamulo mjini, saa mbili. Dereva wa Hiace amebandika picha ya Gaspari kiooni. Akaniuliza kama nilimjua. Nikamwambia nilicheza naye miaka saba, bega kwa bega. Kwenye raga watu wanane husukumana na wanane, vichwa vimeingiliana. Gaspari alikaa mstari wa mbele, pembeni, mimi katikati. Timu nzima iliegemea shingo ile. Nchi nzima ilimwita Kisiki.

"Basi wewe, mzee, ni kisiki kilichooza," dereva akasema. Abiria wakacheka. Mimi shingo yangu haigeuki tangu siku aliyokufa Gaspari.

Rulenge, mchana, mvua. Pikipiki ilizama topeni mara mbili, nikasukuma huku nawaza. Asubuhi ile ya mwisho, kabla ya mazoezi yasiyo na watazamaji, Gaspari alishindwa kufunga vifungo vya shati, vidole vimekufa ganzi. Nilimfungia mimi. Anselimu akamchua shingo kwa dawa, akasema simba haumwi shingo, akampanga. Mstari ulipoanguka niliisikia shingo yake ikivunjika. Huku kwao Anselimu alileta jeneza na hadithi ya ajali ya pikipiki.

Murusagamba, saa tisa. Misa imekwisha, watu wako uani kwa mama yake Gaspari. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanipa mrija. Chungu cha pombe ya ndizi kiko katikati. Anselimu anavuta, Leonsi yuko karibu yake na begi tayari. Huku mwenye kinyongo hanywi chungu kimoja na aliyemkosea. Nikaulaza mrija chini.

"Nani hapa amekukosea?" mama akauliza.

"Anselimu. Hapakuwa na pikipiki, mama."

Nikasema yote, mpaka vifungo. Mama akamuuliza kocha kama hayo ya vifungo ni kweli. Anselimu akajibu kwamba mchezo ni mchezo. Mama akauchomoa mrija wa kocha chunguni, akauweka juu ya viatu vya kocha; ndivyo huku mtu anavyofukuzwa. Leonsi akarudisha begi ndani.

Basi nikauokota wangu ninywe. Mama akanishika mkono.

"Wewe ulimfungia vifungo, ukamwacha aingie. Miaka tisa hukuijua njia ya hapa?"

Miaka hiyo nilikuwa nafua jezi za Anselimu, nakula ugali wake, mpaka aliponifukuza mwaka huu. Nikaulaza mrija tena, nikaondoka.

Nimerudi Nyamigogo koo kavu. Njia ile ni ya siku moja tu, hata kwa tope. Waliomuua Gaspari ni Anselimu, na mimi, Dionizi.