Wimbo wa Kufungua Stendi

Usiku wa kuamkia sherehe ya kufungua stendi mpya, alinijia Mwalimu Yoramu, aliyenifundisha kuongoza kwaya, na ambaye jeneza lake nililibeba mimi mwenyewe miaka minne iliyopita. Mimi si mtu wa ndoto. Mwenye ndoto ni mke wangu, huzieleza mpaka chai inapoa. Lakini hii nitaisema kama ilivyokuwa.

Kwanza niseme nililala na nini moyoni. Ofisi ya wilaya ilikuwa imetuagiza, kwaya ya usharika, tuimbe wimbo mpya wa kumshukuru Mkuu wa Wilaya. Nikautunga kwa siku mbili. Stendi yenyewe imejengwa palipokuwa na soko la mboga. Vibanda vilivunjwa asubuhi moja bila taarifa, na akina mama watatu waliokaa chini wakakataa kuondoka walipelekwa mahabusu. Mmoja wao ni Mama Tumaini, anayeimba sauti ya pili kwenye kwaya yangu. Walikuwa bado ndani, wala hawajafikishwa mahakamani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mshahara wangu unatoka serikalini, na ninawajua walimu waliohamishiwa shule za kule bondeni, kusikofika gari, kwa makosa madogo kuliko kukataa wimbo. Niliogopa. Nikamfundisha kijana wa sauti ya tatu aimbe mahali pa Mama Tumaini, nikajiona mjanja.

Katika ndoto tupo kanisani, mchana, madirisha wazi. Nimeinua mikono tuanze. Mwalimu Yoramu anaingia kwa mlango wa ubavuni, na sweta lake la kahawia, wala hakuna anayeshtuka. Ananisogeza kwa kiwiko, kama alivyozoea nilipokosea. Anatoa nota kwa utaratibu wake wa siku zote: kila sauti ipokee yake kwanza, ndipo wimbo uanze. Sauti ya kwanza wakapokea. Akatoa ya pili. Kimya. Yule kijana yupo, mdomo wazi, hakitoki kitu. Mwalimu anasubiri. Enzi za uhai wake hakuwa mtu wa kusubiri hata kidogo, lakini sasa anasubiri, na mimi jasho linanitoka.

"Tuanze tu, Mwalimu," nikasema. "Wageni wameshafika."

"Sauti hazijatimia."

Nikageuka kutazama mabenchi, kumbe hayapo. Tuko sokoni, lile la zamani, kabla halijavunjwa. Mwalimu anachagua nyanya, anaziminya moja moja, na wauzaji hawaonekani. Nikaanza kujitetea bila kuulizwa. Nikamwambia Mkristo ameagizwa kuitii mamlaka, na yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha hivyo darasa la kipaimara.

Hakuinua macho. "Kodi unalipa?"

"Nalipa."

"Darasani unaingia?"

"Kila siku."

"Na huyo mkubwa, unamwombea?"

Hapo niliona aibu. Nilikuwa nimemtungia beti nne, lakini kumwombea sikuwahi hata siku moja.

"Hayo ndiyo uliyoagizwa," akasema. "Huu wimbo wa kumshukuru kwa kuvunja, nani amekuagiza?"

"Ofisi ya wilaya," nikajibu, nikajisikia mwenyewe nikisema hivyo.

Alizirudisha nyanya zote mahali pake, akaanza kutembea. Ninamfuata, na nikitazama mbele tumefika kituo cha polisi. Amesimama getini, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kumwona ndugu yake.

"Mwambie aliyekutuma ukweli, kwa heshima," akasema. "Usimtukane, wala usimdanganye kwamba unaumwa. Kisha uje hapa umwone mwimbaji wako."

"Wakinihamishia bondeni je?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Kwani bondeni hakuna kanisa?"

Nikaamka. Kulikuwa kumeanza kupambazuka, na nilijua kabisa la kufanya, jambo lililonitisha kuliko ndoto yenyewe. Nikampigia simu yule afisa aliyeniletea agizo. Nilimwamkia, nikamwambia kwaya haitaimba wakati mwenzetu yuko mahabusu bila kufikishwa mahakamani.

"Mwalimu," akasema, "lakini umefikiria vizuri?"

"Nimefikiria, mheshimiwa."

Akakata. Mke wangu alikuwa amekaa kitandani, amesikia yote.

"Watatuhamisha," akasema.

"Watatuhamisha."

Akajifunga khanga, akaenda jikoni kuwasha jiko. Nilikuwa nimeshavaa viatu aliponiita.

"Subiri uji uchemke," akasema. "Wako watatu kule ndani, utawaendeaje mikono mitupu?"