Simu Isiyo na Salamu

Watu wakisikia "mkataba wa mataifa" huwaza mabwana wenye suti wakipeana mikono mbele ya kamera. Mimi humwaza shangazi yangu, dada yake baba, ameketi peke yake kwenye chumba kisicho na dirisha, simu mezani, amejifunika sweta kwa sababu kipoza hewa kiliharibika kikakataa kuzimika. Huo ndio mkataba ninaoujua. Ile mingine shauri yao.

Nchi yetu na jirani zetu zilipigana, zikachoka, zikatia sahihi kusitisha mapigano. Amani haikuwemo, ila risasi zilinyamaza. Mpaka ukafungwa, barua zikakatazwa, ikaachwa laini moja tu ya simu ili majenerali waulizane kabla hawajarushiana kitu. Laini ya namna hiyo isipojaribiwa hufa bila mtu kujua, kwa hiyo ibara mojawapo ikaamuru ijaribiwe kila asubuhi, mtu mmoja huku na mwingine kule. Wa huku alikuwa shangazi.

Sasa sikiliza upuuzi. Wajumbe walibishana wiki nzima juu ya maneno ya kusema. Kilichowashinda ni salamu. Nani aanze? Anayemwamkia mwenzake si ndiye mdogo? Taifa gani litakubali udogo kila siku ya Mungu? Watu wazima, wamesoma, wana wajukuu, wakaona dawa ni kufuta salamu kabisa! Yakabaki haya: "Laini iko wazi?" "Laini iko wazi." "Unanisikia?" "Nakusikia." Basi, weka simu chini. Leo anaanza huyu, kesho yule. Na kila upande ukaweka kinasa sauti chumba cha pili, kuhakikisha hapana anayezidisha. Aliyemtangulia shangazi alisema "pole" mwenzake alipokohoa. Pole tu jamani! Serikali ya pili ikaleta malalamiko rasmi, na yeye akafukuzwa kazi.

Mchumba wa shangazi alikwenda vitani hakurudi, na baada yake hakutaka mtu. Alinilea mimi baba alipofariki, kwa hiyo nilimwona jinsi alivyoishi. Kazini hakuna wa kuzungumza naye. Majirani nao walimkwepa, wakisema anafanya kazi ya siri. Siri gani, Mungu wangu? Lakini kila asubuhi kabla ya kutoka alijipaka wanja.

"Shangazi, huyo hakuoni," nikamtania.

"We mtoto, mdomo wako huo!" Akacheka, na wanja hakuufuta.

Alimjua yule bwana wa ng'ambo kwa sauti tu. Alijua siku aliyokuwa na mafua, siku ambayo hakulala, siku ambayo mtu kamuudhi. Miaka ikaenda hivyo. Kisha yule bwana akaanza kuomba arudiwe. "Unanisikia?" "Rudia." "Unanisikia?" "Rudia." Neno hilo lilikuwa halali, mkataba uliliruhusu. Shangazi alinisimulia jioni akimenya viazi, uso umechanua.

"Anapenda kunisikia," alisema. "Kapata ujanja wake, anisikie mara mbili."

Nikampa jina, Bwana Rudia. Kila nilipomtaja nilichapwa na kitambaa cha vyombo, na wote wawili tulicheka mpaka machozi. Sikumbuki tulicheka lini tena kama wakati ule.

Siku moja alirudi mapema, akakaa kitini na mkoba bado begani.

"Ameniaga," akasema. "Tumemaliza maneno, mara nasikia, 'Kwaheri, dada yangu.' Nikakata."

"Ukakata?"

"Nilikumbuka kinasa sauti. Nikamkumbuka yule wa pole, nikakukumbuka na wewe na ada yako ya shule. Mkono ukakata wenyewe. Mtu kaniaga, nimemkatia simu kama mbwa aliyepita mlangoni."

Kesho yake aliyejibu simu alikuwa kijana mwenye sauti nyembamba. Kuuliza "mwenzako yuko wapi" lilikuwa kosa la kushtakiwa. Nilimwambia shangazi yaliyopita si ndwele, akaniambia ninyamaze. Alichotaka ni kimoja tu, akakisema waziwazi: amtafute yule mtu, amwombe radhi, kisha afe akitaka kufa. Alijikaza kisabuni, akaendelea na yule kijana mpaka akastaafu. Wanja hakupaka tena. Mimi nikaolewa, nikahamia mtaa wa pili, na kila nilipokwenda kumwona nilimkuta ameketi jikoni, redio imezimwa, chai imepoa mbele yake. Nilikuwa nikimgombeza, kumbe namwogopea.

Mwisho wake mabwana wa suti wakaja na mkataba mwingine, wa amani safari hii, na mpaka ukafunguliwa. Laini ikang'olewa, kazi yake imekwisha. Watu walicheza barabarani. Shangazi alitoa gauni lake la harusi za watu, akalipiga pasi, akanijia.

"Twende," alisema.

Tulivuka daraja la mpakani kwa miguu. Kwenye kituo chao cha simu mlinzi wa getini alitusikiliza vizuri tu.

"Mzee wa simu? Yule kiziwi? Anakaa nyuma ya kiwanda cha matofali."

"Kiziwi?" nikauliza.

"Masikio yalimharibikia akiwa kazini. Alificha muda mrefu, maskini, akiomba kurudiwa rudiwa, mpaka wakamshtukia wakamwachisha."

Nilitamani ardhi inimeze, na lile jina langu pamoja nami. Shangazi alisimama tu, ameshika chuma cha geti. "Hakuwa ananipenda," akasema mwishowe. "Alikuwa hanisikii." Nikamwambia turudi nyumbani. Akanitazama kama anayemtazama mwendawazimu, akatangulia mbele.

Mzee alitufungulia akiwa na fulana na sufuria mkononi. "Karibuni, karibuni. Lakini mimi sisikii, mniandikie," akasema, akatuletea kibao cha shule na chaki. Shangazi alikuwa amefumba macho. Ilikuwa sauti ileile. Alipoyafumbua aliandika: *Mimi ndiye wa simu.*

Mzee akasoma. Akasoma tena. Akaiweka sufuria sakafuni, akakaa juu ya kiti kilichokuwa na nguo.

"Dada yangu," alisema. "Siku ile nilijua ni ya mwisho, nikakuaga. Nikaibana simu sikioni, nikangoja. Sikusikia kitu. Nikajua ndiyo basi, masikio yamekufa, na yamekufa na jibu lako." Akakifuta kibao kwa kiwiko, akamrudishia chaki. "Walikuja kuninyang'anya simu bado nangoja. Sina mke, sina mtoto, nina hilo swali tu. Ulinijibu nini?"

Shangazi aliinua chaki. Nilimwona akiandika *Nili*, kisha akasimama hapo. Alimtazama yule mzee, ambaye alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti, shingo ameinyoosha. Shangazi akafuta kwa kiganja, akaandika upya: *Nilisema kwaheri, kaka yangu. Nenda salama.*

Mzee alipiga kofi gotini. "Nilijua! Niliwaambia watu, yule mama si mtu wa kuniacha hivihivi!" Alikiweka kibao juu ya kabati, akakataa kisifutwe, ikabidi tumwandikie mengine pembeni mwa magazeti ya zamani. Tulikaa mpaka jua likapungua. Alicheka sana. Shangazi naye alicheka pale alipotakiwa kucheka.

Tulipofika katikati ya daraja alisimama.

"Nilikwenda kumwomba radhi," akasema. "Sasa siwezi tena."

Nilimshika mkono. Tukamalizia daraja hivyo, mkono kwa mkono.