Hukumu ya Mparachichi

Nilizaliwa Uvira, Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nikaolewa Heru Juu na seremala aliyekuja kwetu kufuata mbao akarudi na mke. Mwaka wa kwanza nilikuwa kichekesho cha kijiji. Ufunguo niliuita fungola, kitenge nikakiita kikwembe, na siku niliyoliita parachichi avoka mbele ya wanawake waliokuwa wakichambua maharage, walicheka mpaka ungo ukapinduka.

Lakini ugeni nao una riziki yake. Nilikuwa na cherehani, nikaanza kushona barazani, na habari zikafika Kasulu mjini kwamba kuna mshono wa Kongo. Ukweli ni kwamba mishono mingi nilifundishwa na fundi wa sokoni palepale Kasulu, mzaliwa wa hapo hapo. Wateja walimpita mlangoni kwake, wakapanda bodaboda kuja kwangu. Kola ikienda upande, wanasema ndio mtindo wa huko. Hata msibani nikikaa mahali pasipostahili, wazee walisema, "Mwacheni, huyo si wa hapa." Mke mwingine angesemwa mwezi mzima.

Ubaya nao ulikuwepo. Muuza dagaa akisikia lafudhi yangu, bei ilipanda kabla sijamaliza kuuliza. Na sikuweza kwenda mbali bila kibali cha kuishi nchini, ambacho nilikibeba kama mtu anavyobeba dawa ya pumu.

Jirani zangu wawili walikuwa wake wa ndugu wawili, mmoja ameolewa na kaka, mwingine na mdogo mtu. Viwanja vyao vilitenganishwa na ua wa minyaa. Mparachichi ulisimama kwa mke wa kaka, ila nusu ya matawi yalining'inia kwa mke wa mdogo, na kila tunda lililoanguka lilizua maneno. Wazee wa ukoo walishindwa kuamua, maana kila mzee alikuwa na damu yake upande mmoja au mwingine. Asubuhi moja wanawake wale wakaja barazani kwangu wakiwa pamoja.

"Tumekubaliana utuamue wewe," mke wa kaka alisema. "Huna ndugu hapa. Hutampendelea mtu."

Kichwa kilinivimba. Nikaweka mkasi chini, nikatazama mbali kama hakimu, nikasema, "La mtini ni la mwenye mti. Likianguka, ni la mwenye ardhi."

Wakashukuru, wakaondoka wameridhika. Na mimi nikaridhika zaidi yao.

Amani ilidumu mpaka matunda yalipoanza kunenepa. Mke wa kaka aliamka alfajiri akachuma yote ya upande wa pili yangali magumu kama mawe, yasije yakaanguka. Aliyoshindwa kuyafikia, mwenzake aliyasaidia kuanguka kwa fimbo ndefu. Alipoulizwa, akasema ni upepo.

"Upepo gani unavaa kanga?" mke wa kaka alipaza sauti juu ya ua.

Mwishowe waligundua kwamba kosa si la mmoja wao. "Ni sheria za Kongo hizo!" mmoja alisema. "Katugombanisha mgeni," mwingine akaitikia. Wakaanza tena kuombana chumvi na kusukana nywele kivulini. Mimi hakuna aliyenisalimu. Niliwapatanisha vizuri kuliko nilivyokusudia.

Walikuwa bado wameninunia ilipofika harusi ya binti wa ukoo wao, kule Kibondo. Sare zote nilishona mimi, hivyo ilibidi niende nao na sindano zangu kwa marekebisho. Garini walikaa kiti cha mbele yangu, wakanipa visogo njia nzima.

Kwenye kizuizi cha barabarani akapanda ofisa wa uhamiaji, kijana mpole, akawa anauliza kila abiria anatoka wapi. Mimi nikiogopa, Kiswahili cha Tanzania hunikimbia.

"Minatoka Heru Juu," nikasema.

"Mina-nini? Mama, naomba ushuke kidogo."

Nikashuka. Kibali nilikuwa nacho, lakini kilikuwa chini kabisa ya mkoba, chini ya vifungo, zipu na gauni la mama wa bibi harusi. Nimeinama natafuta, nikasikia watu wanashuka nyuma yangu.

"Unamtakia nini huyu?" mke wa kaka aliuliza. "Huyu mdogo wangu, tumbo moja. Tunawahi harusi."

"Ni binti wa shangazi yangu," mke wa mdogo akadakia papo hapo. "Kazaliwa Heru Juu, nilimwona anazaliwa."

Ofisa akamtazama usoni, kisha akanitazama mimi. Mke wa mdogo ningeweza kumzaa.

"Ulimwona anazaliwa?"

"Ndiyo. Nilikuwa mtoto mwenye akili sana."

Mkono wangu ukagusa kibali, nikakitoa. Kijana alikisoma taratibu. "Mama zangu, hapa pameandikwa kazaliwa Uvira."

"Wamekosea kuandika," wakajibu kwa pamoja.

"Hawajakosea!" nikapiga kelele, maana niliona tunaelekea kulala rumande wote watatu.

Ofisa aligeuka kando, mabega yakimtikisika. Alipotugeukia tena, uso ulikuwa mkavu kabisa. Akanipa kibali, akasema tupande, harusi isije ikatusubiri.

Garini mke wa kaka alisogea nikakaa katikati yao. "Ungeitafuta karatasi yako upesi," alinung'unika, "tusingeingia dhambini." Nikafungua karanga nilizobeba, wakala.

Harusi za huku nilikuwa nimezizoea vizuri: mgeni hupewa kiti, soda ya baridi na sahani ya kwanza. Tulipofika, mama mwenye nyumba akaja na kiti, akauliza mimi ni nani.

"Wa kwetu," mke wa mdogo alisema.

"Basi afadhali," yule mama akajibu. Kiti akampelekea mtu mwingine, mimi akanikabidhi mwiko.

Nilikoroga maharage mpaka jua likazama, macho yakiniwasha kwa moshi, gauni langu jipya likinuka kuni, na jirani zangu wakinikemea kwamba yanashika chini. Soda niliipata wageni wote walipokwisha kunywa. Ilikuwa ya moto, na niliinywa nimesimama.