Tumbo Langu Lilivyonisuta Mbele ya Mkwe

Leo nacheka, lakini siku ile, jamani, ardhi ya Kariakoo ingekuwa na mlango ningeingia nikaufunga kwa ndani.

Mjukuu wangu Rehema, miaka tisa, alikuwa anakonda tu, damu haipandi, tumbo linajaa kama ngoma, dawa za minyoo kanywa mpaka minyoo ingekuwepo ingehama mji, basi baba yake, Shabani, mkwe wangu, akatupeleka kwa daktari, na njiani akaninunulia chapati mbili (mimi na chapati hatupatani tangu usichana, lakini mkwe kakupa, unakataaje?), nikazimaliza.

Daktari, kijana wa kuongelea puani, akauliza, "Bibi, kwenye ukoo wenu kuna mtu akila ngano tumbo linamjaa, anaharisha?"

Mkwe kakaa hapo pembeni yangu! Nitaje kuharisha? Nikavuta kanga usoni. "Kwetu? Matumbo ya chuma."

"Kweli," Shabani akadakia, kwa kile kisauti chake cha adabu, "mama hata kichwa hakimuumi."

Daktari akaandika. "Basi tumrudishie dawa ya minyoo na ya damu."

Rehema akainama (kashazoea, masikini), na hapo hapo chapati zikaamka. Tumbo likanguruma mpaka daktari akachungulia dirishani, kadhani jenereta la jirani. Nikatoka mbio, choo kimefungwa, na nesi, sauti ya mnada wa mitumba, akatangaza korido nzima: "Ufunguo wa chooo! Bibi kabanwa! Nani kaondoka nao?" Benchi zima likaanza kujipapasa mifukoni.

Alikuwa nao Shabani, kautumia tulipofika akausahau mfukoni. Akauleta kwa mikono miwili, macho chini, kama analeta mahari.

Niliporudi daktari kanyanyua kalamu. "Bibi, tumbo hilo lina muda gani?"

"Tangu sijaolewa. Na dada yangu hivyo hivyo, na marehemu mama."

Akafuta yale ya chuma. Akasema kuna ugonjwa, ngano inaumiza utumbo, na unatembea kwenye ukoo, "ndiyo maana nikauliza, bibi." Tukatolewa damu wote wawili, tukapelekwa hospitali kubwa wakatuangalia na utumbo, majibu yakaja: Rehema anao, na mimi ninao.

Sasa mtoto anakula ugali na vitumbua vya mchele, mashavu yamerudi. Nami nimeapa, daktari akiuliza namwaga yote, mkwe awepo asiwepo. Shabani siku hizi akisikia nimeanza kujibu anatoka nje mwenyewe, lakini kwanza anauweka ufunguo mezani.