Likizo Zetu Zimefichwa kwa Ndugu Yangu

(Msomaji huyu ametuomba tulifiche jina lake. Majina ya wengine tumeyabadilisha.)

Assalaam alaikum wasomaji wenzangu, na msio Waislamu hamjambo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mzaliwa wa Waa. Nina watoto watatu na mume aliniacha. Tangu kabla ya Uhuru nilikuwa nikifua shuka katika hoteli ndogo ya Mzungu huko Diani. Nyumbani mwangu sina wa kumwambia haya, ndiyo maana nawaambia ninyi.

Kila tulipoomba likizo, bwana wetu alijibu kwa Kiswahili chake kibovu, "Sasa wageni mingi. Ngoja. Likizo yako hapana potea, mimi talipa." Tukangoja, mwaka ukaingia mwaka. Aliyengoja kuliko sote ni mlinzi, Mzee Ndoro, Mduruma wa Kinango, ambaye kwao alikwenda kwa mazishi tu. Alisema akilipwa likizo zake zote kwa pamoja atanunua mitamba, na hatarudi tena pwani kulinda vitanda vya watu.

Bendera ilipobadilishwa, Wazungu wengi waliuza vyao wakaondoka. Wageni wakapungua, bwana wetu akawa anadaiwa kila upande. Asubuhi moja tulikuta lango limefungwa mnyororo. Alikuwa ameshaondoka na mkewe, hata kutuaga hakutuaga.

Baadaye akaja Mhindi mmoja kutoka Mombasa, mtu mpole, aliyetumwa na mahakama auze mali za hoteli na kuwagawia wanaodai. Tulimzunguka pale uani.

"Na livu zetu je, bwana?" akauliza Mzee Ndoro. "Ama zimekufa pamoja na hoteli?"

"Hazikufa, mzee. Likizo ambazo hamkwenda ni haki yenu, na sheria inawaweka mbele ya wenye maduka na wauza vinywaji. Lakini nyumba na kiwanja ni vya benki. Kilichobaki chenye thamani ni ile mashine ya kuzalisha umeme tu, nayo ina mnunuzi. Nikiiuza, mtapata. Isipouzwa, nitawapa nini?"

Akamwomba Mzee Ndoro aendelee kulinda. Siku chache baadaye mzee alikwenda Ukunda mchana kununua unga, na aliporudi mashine haikuwapo. Kufuli la chumba cha mashine lilikuwa zima, na ufunguo ulikuwa kwake. Askari hawakutaka maelezo mengine, wakamchukua.

Mkewe akashuka kutoka Kinango, mama mtu mzima asiyemjua mtu huku. Watu wakamleta kwangu kwa kuwa nilifanya kazi na mumewe. Nikampa kitanda cha wanangu. Kila siku tunapika pamoja, anampelekea mumewe chakula kituoni, na akirudi ananisimulia. "Mwanangu, anakohoa. Analala kwenye saruji. Kila nikienda ananiuliza kama mashine imeonekana."

Wakati huo mke wa mdogo wangu alijifungua huko Bongwe. Huyu mdogo wangu, nitamwita Rashidi, ndiye aliyekuwa fundi wa mashine ile pale hotelini. Nilikwenda kumtazama mtoto. Niliingia ghala la nyuma kutafuta kuni, nikainua makuti, nikaiona. Nilifua miaka mingi kando ya ngurumo yake, siwezi kuifananisha. Nikakaa chini palepale.

Rashidi akaingia, akafunga mlango.

"Dada, wallahi sikuiba. Nimechukua changu. Mimi nami sijaenda likizo tangu niajiriwe. Wewe unamwamini yule Mhindi? Pesa zitaishia Mombasa."

"Na ufunguo?"

"Bwana aliniachia wa pili. Hakuna aliyeniuliza."

"Na Mzee Ndoro, Rashidi?"

Akatazama pembeni. "Watamwachia. Hawana ushahidi."

"Irudishe, ndugu yangu. Iache hata njiani usiku, waiokote."

"Ibebwe na nani? Walionisaidia wanataka fungu lao. Nikionekana nayo nimefungwa, dada, na mtoto ndiyo kwanza ana wiki."

Nilikwenda kwa mama yetu nikidhani atamkemea. Mama alilia, kisha akanishika mkono kwa nguvu. "Ukimpeleka ndugu yako gerezani, siku nikifa usije kuniosha." Sijawahi kumsikia mama akisema neno kama hilo.

Wenzangu wa hoteli wananisimamisha njiani kuuliza habari za malipo. Dobi mwenzangu ana mtoto hospitali ya Msambweni na anahesabu fedha hizo hizo. Mhindi ameleta habari kwamba mnunuzi amechoka kungoja, mwezi huu ukiisha atanunua kwingine. Na wiki ijayo Mzee Ndoro anapelekwa mahakamani Kwale.

Nikisema, Rashidi atafungwa, mkewe atabaki na kichanga, na mama nitakuwa nimempoteza yungali hai. Nikinyamaza, mzee asiye na kosa atafungwa kwa ajili yetu, na jasho la watu wote litauzwa kwa siri huko Bongwe. Nimemwomba Rashidi mara ya pili. Safari hii hakunifungulia mlango.

Leo asubuhi mke wa Mzee Ndoro alivua bangili zake akanipa. "Kauze, mwanangu, nimekula kwako mno. Mungu hakunipa binti, naona amenipa wewe." Nilikimbilia chooni nikalia huko.

Sasa hivi yuko uani, anachambua mchicha wa chakula cha mumewe, na ananiita nikaonje chumvi. Ndugu zangu, nikitoka hapa nimwambie nini?